Kati ya dhiki na faraja

Kwa waliokosa nafasi ya kufika Iringa, hii ndiyo hotuba niliyoitoa, juu ya kazi ya mwanasaikolojia Richard Tedeschi kuhusu mtu anavyoweza kukua baada ya dhiki, mbele ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wauguzi wa kliniki za CTC (kliniki za huduma na matibabu kwa wanaoishi na VVU), walimu na viongozi wa dini kutoka Nyanda za Juu Kusini. Picha za ukutani nimeziacha. Maneno ni yaleyale.

Kamwene! Na kwa wenzetu wa Rungwe na Kyela, ndaga fijo kwa kuvuka ukungu wote ule mkafika.

Baba wachungaji, mashehe, walimu, wauguzi, na ninyi wahudumu wetu mnaopanda na kushuka milima hii kwa miguu: sisi huku hatuhitaji kufundishwa msiba. Taarifa ikifika, jua halijatua turubai limeshafungwa. Kuni zimesombwa, akina mama wako kwenye masufuria, vijana wamekwenda kuchimba kaburi, na pale karibu na mlango pana meza, daftari na kalamu. Hakuna aliyepiga kengele wala aliyetoa amri. Kila mtu anajua mahali pake.

Siku ya tatu tunaanua matanga. Turubai linafunguliwa, masufuria yanarudi kwa wenyewe. Halafu? Siku ya nne nani anabaki pale? Siku ya tisini nani anabaki pale?

Tuna msemo wetu, tunausema msibani, tunausema hospitalini, tunausema hata kwa mtu aliyeunguliwa duka: baada ya dhiki faraja. Siubishii. Nimeshuhudia ukitimia. Lakini nawauliza, ndugu zangu, kati ya dhiki na faraja pana nini? Mtu anapita wapi? Anapita na nani? Anachukua muda gani? Hapo katikati hatupasemi, na hapo ndipo watu wetu wanapopotelea.

Yuko mwanasaikolojia aliyetumia kazi ya maisha yake yote kupachunguza hapo katikati. Anaitwa Richard Tedeschi, Mmarekani, aliyefundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Charlotte. Kazi yake ameifanya bega kwa bega na mwenzake, Lawrence Calhoun. Nimewaita leo tuizungumze kazi yao, kwa sababu inatuhusu sisi wa Ilula na Mafinga na Tukuyu kama inavyowahusu watu wa kwao.

Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliingiza rasmi katika mwongozo wao wa magonjwa ile hali ya mtu kuendelea kuteswa na tukio la kutisha lililokwisha: ndoto mbaya, kushtuka, kukwepa kila kinachomkumbusha. Lilikuwa jambo kubwa na la haki. Watu waliokuwa wakiambiwa ni waoga walipata jina la ugonjwa wao na matibabu yake. Basi wataalamu wengi wakawa wanauliza swali moja: huyu mtu ameharibika wapi?

Tedeschi na Calhoun wao walianzia kwingine. Walitaka kujua hekima inatoka wapi. Wakaenda kwa watu waliopita kwenye mazito: wazee waliofiwa na wenzi wao, watu waliopata ulemavu ukubwani. Wakakaa, wakasikiliza. Na wakasikia jambo ambalo hawakulitegemea sana. Hakuna aliyewaambia kwamba msiba ni kitu kizuri. Hakuna! Lakini wengi walisema, kila mmoja kwa maneno yake, kwamba katika kuhangaika na lile lililowapata walifika mahali ambapo wasingefika. Katikati ya miaka ya 1990 hali hiyo wakaipa jina: kukua baada ya kiwewe, yaani baada ya jeraha la moyo linaloachwa na tukio la kutisha.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana watu wengi wanalipotosha. Kinachomkuza mtu si ajali. Kinachomkuza mtu si kifo cha mwanawe. Kinachomkuza ni mapambano yake na hali hiyo, kazi ngumu anayoifanya moyoni mwake baada ya watu kuondoka. Tedeschi amelirudia hilo maisha yake yote. Kwa hiyo asije mtu akamwambia mjane, "Mungu amekuletea hili ili ukue." Msimwambie hivyo. Nawasihi.

Nitawapa habari ya mama mmoja wa Ilula. Mwenyewe ameniruhusu, na mambo kadhaa nimeyabadilisha asitambulike. Analima nyanya, anauza kwa matenga. Kijana wake wa kwanza alikuwa utingo wa lori, akafia mlima Kitonga. Msiba ulikuwa mkubwa, watu walijaa. Baada ya matanga akabaki na nyumba, na lile daftari la rambirambi.

Akawa analisoma usiku. Jina, na kiasi. Jina, na kiasi. Fulani elfu mbili. Fulani elfu tano. Fulani debe la mahindi. Analisoma mpaka mwisho anaanza tena, kwa sababu usingizi hauji na lile daftari ndilo jambo la mwisho lililoandikwa juu ya mwanawe. Mabinti zake walitaka kulificha, wakiona mama anajitesa.

Usiku mmoja, anasema, aliona kitu ambacho hakuwa amekiona. Kwenye lile daftari mlikuwamo majina ya wanawake waliozika watoto. Mmoja alimzika miaka iliyopita, na yeye mwenyewe alikwenda kwenye msiba ule, akaandikwa elfu moja, siku ya tatu akarudi shambani. Hakwenda tena. Asubuhi yake akachukua nyanya kwenye ndoo, akaenda kwa yule mama. Akamwuliza kitu kimoja tu: "Wewe ulikuwa unalalaje?" Walikaa mpaka jioni.

Leo mama huyu ndiye anayeitwa Ilula mzazi anapofiwa na mtoto. Haendi siku ya kwanza. Siku ya kwanza watu wapo. Anakwenda wiki ya pili, wiki ya sita, mwezi wa nne. Na bado, sikilizeni, bado akisikia breki za lori linaloteremka barabara kuu anasimama alipo mpaka lipite. Bado analia. Je, mama huyu amepona au hajapona? Amekua au anaumia? Yote mawili. Tedeschi na Calhoun waliliona hilo mapema kabisa: maumivu na kukua vinakaa nyumba moja, na kimoja hakimfukuzi mwenzake. Ukimwona mtu anasaidia wengine usidhani machozi yake yamekwisha. Ukimwona analia usidhani hajapiga hatua.

Sasa, kwa nini tukio moja litikise maisha yote? Wataalamu hawa wanalifananisha na tetemeko la ardhi, na sisi wa ukanda huu wa Bonde la Ufa hatuhitaji kuelezwa tetemeko ni nini. Kila mmoja wetu anaishi juu ya mambo anayoyaamini bila kuyasema. Kwamba nikiwa mwangalifu nitakuwa salama. Kwamba watoto watamzika mzazi. Kwamba mtu mwema hapatwi na baya. Ronnie Janoff-Bulman, mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, ndiye aliyeonyesha jinsi kiwewe kinavyoyavunja mambo hayo ya msingi. Tetemeko likipita, nyumba ile haikaliki. Inabidi ijengwe upya, na mwenye akili hajengi kama ilivyokuwa. Anajenga akijua kwamba ardhi hutetemeka.

Kujenga huko kunafanyika kwa kuwaza, na kuwaza kuko kwa namna mbili. Mwanzoni mawazo yanakuja yenyewe. Hukuyaita. Unachota maji, yamekuja. Uko kanisani, yamekuja. Hayo yanatesa. Taratibu, na si kwa kila mtu, inakuja namna ya pili: mtu anakaa mwenyewe kwa hiari, anaanza kujiuliza maana ya lililompata, na ataishije sasa. Kutoka namna ya kwanza kwenda ya pili ndiyo safari yenyewe.

Nitaionyesha kwa kijana wa Mafinga. Mnajua Mufindi ni mbao, msitu wa Sao Hill uko pale. Kijana huyu alikuwa kwenye mashine ya kupasulia mbao, ikamkata mkono wa kulia juu ya kiganja. Alikuwa kijana wa nguvu, anajulikana kwa kupakia. Alipotoka hospitali, kila mtu aliyekuja alimwambia neno lilelile. Nani anajua walimwambia nini?

"Jikaze!" Ndiyo. Jikaze, wewe ni mwanaume. Shukuru Mungu umebaki hai. Kuna wenzako hawana mikono yote miwili. Akawa anaitikia, "Ni kweli, ni kweli," kisha akaacha kutoka nje.

Aliyemfaa alikuwa babu yake mdogo, mzee aliyestaafu ukarani wa ushirika. Mzee huyu hakumwambia ajikaze. Alikuja barazani na gunia la mahindi, akawa anapukuchua. Kijana naye, kwa kutokuwa na la kufanya, akajifunza kushikilia gunzi kwa goti na kupukuchua kwa mkono wa kushoto. Na katika kupukuchua akawa anasimulia. Mzee ananiambia kwamba mwanzoni hadithi ilianza na mashine na kuishia kwenye mashine: sauti, damu, kelele, basi. Kesho yake tena vilevile. Mzee hakusema, "Hiyo umeshanisimulia." Alisikiliza kama mgeni.

Baada ya wiki nyingi hadithi ikaanza kusogea. Siku moja ilianzia asubuhi ya siku ile, kwamba alikuwa amelala vibaya, kwamba aliona kinga ya mashine imelegea akanyamaza kwa kuogopa kufukuzwa. Siku nyingine ikapita mashine ikaenda mbele: mwenzake aliyefunga mkono kwa shati, dereva aliyekataa nauli. Mwishowe ikafika barazani, kwenye mahindi. Je, mmeona kilichotokea? Tukio ni lilelile. Mkono haukurudi. Lakini hadithi ambayo mwanzo wake na mwisho wake ni msumeno imekuwa hadithi ya maisha ya mtu, na msumeno uko ndani yake. Kijana yule sasa anafuatilia usalama wa vijana wapya pale mbao zinapopasuliwa, na akiona kinga imelegea hanyamazi. Hakuna mwanasaikolojia aliyefika kwenye baraza ile. Kulikuwa na mzee, mahindi, na muda.

Tedeschi ana jina la mtu wa namna ya yule mzee: anamwita mwenza mjuzi. Mtu anayekaa na aliyeumia, haendi kumrekebisha, anakwenda kujifunza kwake. Na hili hakulitoa vitabuni tu. Kwa miaka mingi aliendesha kikundi cha wazazi waliofiwa na watoto. Fikirini profesa mwenye sifa zake, jioni, anakaa kwenye duara na wazazi waliozika. Anawaambia nini? Hana la kuwaambia. Anawasikiliza. Wazazi wale ndio waliomfundisha, na mwenyewe hulisema hilo waziwazi.

Nigusie upande wa vipimo, kwa sababu wauguzi mtaniuliza. Mwaka 1996 Tedeschi na Calhoun walichapisha dodoso la maswali 21. Linapima maeneo matano: mtu anavyohusiana na wenzake, njia mpya anazoziona, nguvu anayoigundua ndani yake, kuyathamini maisha, na mabadiliko ya kiroho. Limetafsiriwa katika lugha nyingi na kutumika nchi nyingi. Sitawasomea yote.

Lakini kuna eneo moja ambalo sisi wa huku tumeliona kwa macho, hilo la njia mpya. Mikoa yetu ya Njombe na Iringa, utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulikuta zaidi ya asilimia 11 ya watu wazima wanaishi na VVU, na Mbeya haikuwa mbali. Wengi mlioko humu mnakumbuka miaka ya kabla ya 2004, kabla nchi haijaanza kutoa dawa za kufubaza virusi bure. Mnakumbuka tulizika vipi. Sasa ingieni leo kliniki yoyote ya CTC. Nani anampokea mtu aliyepata majibu asubuhi hii na bado anatetemeka? Ni WAVIU mshauri, mtu anayeishi na VVU anayewashauri wenzake. Mtu aliyekaa kwenye benchi lilelile, akatamani kufa kwenye benchi lilelile, na leo ana kadi yake mfukoni na anasema, "Njoo dada, kaa hapa, na mimi ninazo hizi." Dawa zimewapa uhai. Lakini kule kukaa mbele ya mwenzako ukafungua habari zako ili yeye apate pumzi, hilo halimo kwenye kidonge. Mimi naliheshimu kuliko shahada nyingi.

Hapa sasa nataka nizungumze na viongozi wa dini, na nazungumza kwa upendo kabisa.

Elimu hii ina wakosoaji wake, na wana hoja. Mwaka 2009 Patricia Frazier na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota walitoa utafiti wa wanafunzi wa chuo. Waliwapima kabla, kisha wakawapima tena wale waliopatwa na tukio zito katikati. Wakakuta kwamba mtu anavyosema amekua na mabadiliko yanayopimika kwake haviendi pamoja sana. Yaani mtu anaweza kusema "nimekuwa mtu mpya" na ndani yake bado anazama. Pengine anajipa moyo. Pengine anasema tunachotaka kusikia.

Na sisi tunataka kusikia nini? Tunataka ushuhuda! Mtu amenusurika ajali ya basi wiki iliyopita, Jumapili tumemsimamisha mbele. Mama amefiwa na mume mwezi uliopita, tayari tunamwomba awatie moyo wajane wenzake. Atasimama, atasema, "Bwana ni mwema, nimeshinda," tutapiga makofi na vigelegele. Kisha akirudi nyumbani usiku na ile hofu ikaja, atamwambia nani? Ameshatuambia kwamba ameshinda. Tumemfungia mlango, na tumeufunga kwa makofi.

Ushuhuda ni kitu chema. Lakini uachwe uive. Mtu mwenyewe ndiye aseme yuko tayari. Na asimame na uhuru wa kusema, "Nimevuka haya, na haya bado yananilemea."

Tena tusidhani kila mtu lazima akue. Mwaka 1987 kivuko cha Herald of Free Enterprise kilipinduka kikitoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, wakafa watu 193. Mwanasaikolojia Mwingereza Stephen Joseph, wakati ule mwanafunzi London, alikuwa kati ya waliowafuatilia manusura. Baada ya miaka mitatu waliulizwa kama mtazamo wao wa maisha umebadilika. Asilimia 46 walisema umebadilika kuwa mbaya. Asilimia 43 walisema umebadilika kuwa mzuri. Ajali moja, maji yaleyale, usiku uleule. Asiyekua hajakosa. Hakupungukiwa imani. Hakupungukiwa juhudi. Wapo pia wengi ambao hawakutikisika kiasi hicho, wanaendelea na maisha yao vizuri, na hao nao ni wazima kabisa.

Na wapo wanaohitaji hospitali, si baraza. Anayesema anataka kufa. Anayeishi kwa pombe tangu siku ile. Asiyelala wiki kwa wiki, anayeona tukio kama linatokea sasa hivi, mama asiyeweza tena kumnyonyesha mtoto. Huyo usikae naye ukingoje akue. Mshike mkono mwende pamoja kituo cha afya, nasema mwende pamoja, usimwandikie karatasi ukamwachia njia. Kutibiwa hakuzuii kukua. Kwa wengi ndiko kunakofungua njia.

Alipostaafu kufundisha, Tedeschi aliendelea na kazi hii Boulder Crest, kituo kilichoko Virginia kinachowasaidia wanajeshi waliorudi kutoka vitani. Huko anawafundisha waelewe kwanza kwamba kutikisika si udhaifu, wajifunze kuutuliza mwili na moyo, waseme yaliyowapata, waisimulie upya habari ya maisha yao, halafu watafute namna ya kuwafaa wengine. Ukiisikiliza kazi hiyo utamwona mama wa Ilula na ndoo yake ya nyanya. Utamwona kijana wa Mafinga. Hawajawahi kumsikia Tedeschi. Yeye aliandika waliyoyafanya watu kama wao.

Kwa hiyo nina maombi, na ni ya kufanyika, si ya kupigiwa makofi.

Kila msiba una daftari. Ninyi wahudumu wa afya na viongozi wa mitaa, kabla turubai halijafunguliwa, kaeni na wazee wa ukoo, mwandike kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lile majina ya watu wanne: nani atakuja wiki ya pili, nani mwezi wa kwanza, nani siku ya arobaini, nani siku ya tisini. Mtu na tarehe yake. Aende bila mchele na bila hotuba. Akifika asiseme jikaze, aulize, "Unalalaje siku hizi?" kisha anyamaze asikilize, hata kama habari ameshaisikia mara kumi.

Walimu, mtoto aliyefiwa akirudi darasani, mpate mtu mzima mmoja wa kumwangalia muhula mzima, kwa jina. Wachungaji na mashehe, pangeni kwamba hakuna anayeombwa ushuhuda wa msiba wake. Anayetaka atakuja mwenyewe kuomba.

Muda wa maswali umefika. Wauguzi wa CTC mliokuja na WAVIU washauri wenu, naomba hao ndio waanze kupewa kipaza sauti, na wakitaka kunisahihisha badala ya kuniuliza, wanisahihishe.